Annie Oakley: Binti wa gobore aliyeyaburuza magazeti 55 mahakamani

Kwa miaka mingi nchini Marekani, shabiki aliyeingia bure kwenye mechi ya besiboli alikuwa anashika tiketi yenye jina la mtu. Tiketi za bure zilitobolewa matundu ili mlangoni zisichanganywe na zile zilizouzwa, na matundu hayo ndiyo yaliyozaa jina. Watu waliziita Annie Oakley.

Sio kwamba mwanamama huyo alikuwa anagawa tiketi. Kazi yake ilikuwa kutoboa karata. Karata inarushwa hewani, anaitwanga risasi, na kabla haijagusa ardhi tayari ina matundu kadhaa. Alikuwa na urefu wa futi tano tu, nguo za kazi anashona mwenyewe, na kwa zaidi ya miaka 15 alijaza viwanja Marekani na Ulaya.

Lakini kabla ya viwanja kulikuwa na njaa. Na kabla ya shoo kulikuwa na gobore la marehemu baba yake.

THELUJI YAVURUGA KILA KITU

Jina lake la kuzaliwa ni Phoebe Ann Moses. Alizaliwa Agosti 13, 1860, kwenye kibanda cha magogo huko Darke County, jimbo la Ohio. Baba yake, Jacob, na mama yake, Susan, walikuwa Waquaker waliohamia huko kutoka Pennsylvania kutafuta maisha. Maisha yenyewe yalikuwa ya kuunga unga: shamba dogo la mkopo na watoto wengi.

Mwishoni mwa mwaka 1865, Jacob alikuwa njiani kurudi nyumbani akakutwa na dhoruba ya theluji. Alifika, lakini mwili ulikuwa umeshaganda kwa baridi. Hakupona tena. Mapema mwaka 1866 akafariki, Annie akiwa na miaka mitano.

Mama akabaki na watoto na deni. Akaolewa tena, mume wa pili naye akafariki. Ilifika mahali ikabidi watoto wagawanywe, na Annie akapelekwa kwenye nyumba ya maskini ya wilaya. Huko ndiko alikojifunza kushona na kudarizi, ujuzi uliokuja kumfaa maisha yake yote.

Kutoka hapo akachukuliwa na familia moja kwa ahadi ya kazi nyepesi, mshahara wa senti 50 kwa wiki na nafasi ya kusoma. Alichokikuta kilikuwa utumwa. Alifanyishwa kazi kuanzia alfajiri hadi usiku, alipigwa, na usiku mmoja wa baridi alitupwa nje kwenye theluji bila viatu. Hadi anaingia kaburini hakuwahi kuitaja familia hiyo kwa jina. Aliwaita mbwa mwitu, basi. Baada ya miaka kama miwili akatoroka na kurudi kwa mama yake.

BARUTI KIDOGO, NYAMA NZIMA

Nyumbani kulikuwa na bunduki ya baba imetundikwa ukutani. Ilikuwa gobore, ile bunduki ya kujaziwa mdomoni. Mpigaji anamimina baruti mtutuni, anasokomeza risasi kwa mti mrefu, anaweka fataki, ndipo analenga. Anapata nafasi moja tu. Ukikosa, mpaka ujaze tena, sungura ameshafika kijiji cha pili.

Annie aliigusa bunduki hiyo mara ya kwanza akiwa na miaka minane hivi, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kindi. Aliporudi kutoka kwa mbwa mwitu, akaigeuza bunduki kuwa ajira.

Hapa ndipo penye ufundi ambao wengi hawaujui. Mtu asiyewinda anadhani bunduki yenye nguvu nyingi ndiyo bora kwa kila kitu. Kwa mnyama mdogo ni kinyume chake. Sungura, kware au grouse, yule ndege wa misitu ya Marekani anayefanana na kwale wetu, akipigwa na risasi iliyosukumwa na baruti nyingi, hakibaki kitu cha kupeleka jikoni. Yanabaki manyoya na damu.

Uzuri wa gobore ni kwamba kipimo kiko mkononi mwa mwindaji. Anayekwenda kumtafuta mnyama mkubwa anajaza baruti nyingi. Anayekwenda kutafuta kindi anapunguza. Risasi inatoka taratibu zaidi, mlio unakuwa mdogo, bega haliumii, na baruti, ambayo ni pesa, inadumu muda mrefu. Ni sawa na mpira wa miguu: sio kila penalti inahitaji shuti la kuchana nyavu. Mwenye akili anamtazama kipa, anaudokoa, kazi imekwisha.

Lakini kupunguza baruti kuna masharti yake. Risasi inayokwenda taratibu inashuka mapema, kwa hiyo haifiki pale pale inapofika risasi ya kawaida. Mwindaji lazima asogee karibu na ajue bunduki yake inapiga wapi kwa kipimo kile. Na ukipunguza kwa kubahatisha, risasi inaweza kukwama ndani ya mtutu, na anayepiga nyingine juu yake anacheza na kifo. Hata zama za bunduki za kisasa, wawindaji wa Marekani wanaofuata kulungu kwa bunduki kubwa wamekuwa wakitengeneza risasi chache zenye baruti kidogo kwa ajili ya grouse wa kitoweo, na wote wanakwenda kwa vipimo vilivyojaribiwa. Tofauti yenyewe sio ndogo: risasi ya bunduki ndogo ya .22, inayotosha kabisa kwa sungura, haifikishi hata sehemu moja ya kumi ya nguvu ya risasi ya kulungu.

Annie alikuwa analenga kichwa. Sio kwa mbwembwe, ni biashara. Nyama aliyopata alikuwa anaiuza kwenye duka la ndugu wawili, Katzenberger, mjini Greenville. Kutoka hapo ilisafirishwa hadi hoteli za Cincinnati, zaidi ya kilomita 100 kusini. Mteja wa hoteli hataki kuuma marisau katikati ya chakula. Sungura wa Annie walikuwa wanafika wakiwa wazima, hawana tundu mwilini, na wapishi wakaanza kuwatofautisha na wa watu wengine.

Dola kwa dola, akiwa na miaka 15 alikuwa amemaliza deni la rehani la shamba la mama yake. Lilikuwa la dola 200. Kwa familia iliyowahi kumtoa mtoto kwa sababu ya kukosa chakula, hilo lilikuwa kombe kubwa kuliko yote aliyokuja kuyabeba baadaye.

MECHI YA RAUNDI 25

Sasa njoo kwenye pambano lililobadilisha maisha. Cincinnati alikuwepo mlenga shabaha wa kulipwa, Frank Butler, mzaliwa wa Ireland, anazunguka majukwaani na bunduki zake. Frank alikuwa na mdomo. Alikuwa tayari kuweka dau la dola 100 dhidi ya yeyote wa eneo lile. Mwenye hoteli mmoja akampokea dau, akamwambia yupo mtu wake.

Masimulizi ya nyumbani kwa kina Annie yanasema ilikuwa mwaka 1875. Watafiti waliochimba kumbukumbu wanaipeleka 1881. Tarehe inagombaniwa, matokeo hayagombaniwi.

Frank alipofika uwanjani akakuta mpinzani wake ni kabinti. Akacheka moyoni. Ndege mmoja akarushwa, Frank akapata. Annie akapata. Wa pili, wa tatu, wa kumi, hakuna anayekosea. Ilikuwa kama penalti ambazo kila mpigaji anafunga na presha inazidi kupanda. Raundi ya 25 Frank akakosa. Annie akapata. Mechi imekwisha, 25 kwa 24.

Wapo wanaume wengi ambao wangeondoka na kinyongo. Frank aliondoka na mapenzi. Akamwalika Annie na familia yake kwenye shoo yake, na inasimuliwa kwamba hata mbwa wake, George, ambaye hakuwa na mazoea na wageni, alimpokea binti huyo kama mtu wa nyumbani. Wakaoana, na hawakuachana mpaka kifo.

Mei 1882 mwenzake Frank wa jukwaani aliugua. Annie akaingia kama mchezaji wa akiba, kazi yake iwe kushika vitu vya kulengwa. Kisha akapewa bunduki. Watazamaji wakamtaka yeye. Baada ya muda Frank alifanya jambo ambalo wachezaji wakubwa wachache wanaliweza hata leo: alikubali kwamba mwenzake anamzidi, akakaa benchi kwa hiari, akawa meneja wake, mtengeneza risasi wake na mshika shabaha wake. Ndipo binti akachukua jina la kazi, Annie Oakley.

Takwimu zake ni balaa. Februari 1885, mjini Cincinnati, alilenga mipira ya kioo 5,000 iliyorushwa hewani kwa siku moja. Alivunja 4,772.

USAJILI WA BUFFALO BILL

Mwaka 1884, huko St. Paul, Minnesota, alimkonga moyo mtu ambaye Marekani nzima ilikuwa inamwogopa: Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, ambaye watu wake walilimaliza jeshi la Custer mwaka 1876. Mzee huyo alimwona Annie jukwaani, akamfanya binti yake wa hiari na kumpa jina la Kilakota ambalo watangazaji walilitafsiri kuwa mdogo asiyekosa shabaha. Lilimganda maisha yote.

Mwaka uliofuata akatua kwa William Cody, maarufu kama Buffalo Bill, aliyekuwa anamiliki shoo kubwa ya farasi, nyati na bunduki. Cody alikuwa amepoteza nyota wake wa shabaha, Kapteni Bogardus, na hakuwa na uhakika kama mwanamke mdogo vile anaweza kuziba pengo. Annie akapewa majaribio Louisville, Kentucky. Akafuzu.

Nafasi aliyopangiwa inarudi kwenye hesabu ileile ya baruti. Shoo ya Cody ilikuwa na milio mingi, na waandaaji walihofia akina mama na watoto wangeshtuka na kuondoka. Wakamweka Annie mwanzoni. Alianza na bastola, risasi zikiwa na baruti kidogo, mlio mdogo. Kadiri alivyoendelea aliongeza kipimo, na hadi anamaliza, masikio ya watu yalikuwa yameshazoea kelele. Kwa namna ya leo, ndiye aliyekuwa anapasha moto uwanja.

Cody mwenyewe alipovunja mipira ya kioo akiwa juu ya farasi, hakutumia risasi nzima. Bunduki yake ilijazwa marisau madogo na baruti ya kiasi, kwa sababu risasi ya kawaida ingepitiliza mpaka kwa watazamaji au kwenye nyumba za majirani. Wapo waliosema ni ujanja. Kumpiga shabiki wa jukwaani, hata hivyo, kungekuwa mwisho wa shoo.

UMRI WA MPIRA NA MPINZANI WA MIAKA 15

Mashabiki wa soka wanaujua mchezo wa wachezaji kupunguza umri. Annie aliucheza zamani sana. Mwaka 1886 Cody alimsajili Lillian Smith, mlenga shabaha wa miaka 15 tu kutoka California, mwenye maneno mengi na kipaji cha kweli. Annie alikuwa na 26. Ghafla mwaka wake wa kuzaliwa ukawa 1866 badala ya 1860. Miaka sita ikayeyuka.

Uhasama ulifika hadi London mwaka 1887, shoo ilipokwenda kwenye sherehe za miaka 50 ya Malkia Victoria. Wote wawili walijaribiwa kwenye uwanja wa shabaha wa Wimbledon. Lillian akaboronga, Annie akapigiwa makofi. Lakini ndani ya kambi hali ya hewa ilikuwa imechafuka, na msimu ulipokwisha Annie akaondoka kwa Cody.

London ilimfundisha kitu pia. Bunduki alizokwenda nazo zilikuwa nzito kwa mwili wake, na njiwa wa Kiingereza walikuwa na kasi. Fundi bunduki Charles Lancaster akamtengenezea nyingine, nyepesi, zinazolingana na bega lake. Kiwango kikapanda. Kama ni kiatu, alikuwa anacheza na namba isiyo yake.

Alirejea kwa Cody mwaka 1889, Lillian akiwa ameshaondoka. Shoo ikapiga kambi Paris wakati wa maonyesho makubwa yaliyofunguliwa pamoja na mnara wa Eiffel. Inasimuliwa kwamba baruti aliyoipenda ilikuwa hairuhusiwi kuingia Ufaransa, akaipitisha forodhani ikiwa imefichwa ndani ya nguo. Wafaransa walianza wakimtazama kwa ubaridi. Wakaishia kurusha kofia hewani.

GAZETI LAMPAKA MATOPE

Oktoba 29, 1901, treni ya shoo iligongana uso kwa uso na treni ya mizigo huko North Carolina. Farasi wengi walikufa. Annie aliumia mgongo, na baada ya hapo akaachana na shoo ya Cody. Alikuwa na miaka 41.

Kipigo kikubwa zaidi hakikutoka kwenye reli. Agosti 1903 gazeti la Chicago lililomilikiwa na tajiri William Randolph Hearst liliandika kwamba Annie Oakley amekamatwa kwa kuiba suruali ya mwanamume ili apate pesa ya kokeini. Magazeti mengine yakanakili bila kuuliza. Nchi nzima ikasoma kwamba yule mwanamama mstaarabu ameishia kuwa teja.

Haikuwa yeye. Aliyekamatwa alikuwa mcheza shoo mwingine aliyekuwa anatumia jina linalofanana na lake. Annie alikuwa mamia ya kilomita kutoka Chicago.

Baadhi ya magazeti yalisahihisha. Kwake haikutosha. Mtoto wa nyumba ya maskini alikuwa amejenga jina lake kwa miaka 20 bila kashfa, na jina ndilo mtaji pekee aliokuwa nao. Akayashitaki magazeti 55.

Fikiria ratiba hiyo. Kesi moja mji huu, nyingine jimbo lile, na kila mahali anapanda kizimbani kuulizwa maisha yake yote upya na mawakili wanaolipwa kumwangusha. Hearst alituma mpelelezi hadi Darke County kuchimba uchafu wa utotoni. Akachimba, akarudi mikono mitupu.

Mapambano yalidumu hadi mwaka 1910. Matokeo: kesi 55, ushindi 54, amepoteza moja. Hakuna klabu yenye rekodi hiyo. Lakini nauli na mawakili vilimeza zaidi ya alichovuna kama fidia. Kwa hesabu za pesa alipata hasara, na alilijua hilo mapema. Alitoa miaka yake ya mwisho ya ubora ili jina lake lisafishwe, na likasafishwa.

KOCHA WA WANAWAKE

Michezo ya Olimpiki ya kisasa ilianza mwaka 1896 ikiwa na mashindano ya shabaha, lakini mwanamke wa kwanza hakushindana kwenye shabaha ya Olimpiki hadi mwaka 1968. Annie hakuwahi kupata jukwaa hilo. Akaamua kufundisha. Inakadiriwa kwamba wanawake zaidi ya 15,000 walipita mikononi mwake, wengi huko Pinehurst, North Carolina. Aliamini mwanamke anatakiwa ajue kutumia bunduki kama anavyojua kulea mtoto. Mwaka 1898 alimwandikia Rais McKinley akijitolea kupeleka vitani wanawake 50 walenga shabaha. Serikali haikumchukua.

Mwaka 1922, akiwa ameshavuka miaka 60, alisimama Pinehurst akavunja sahani 100 za udongo mfululizo, umbali wa yadi 16. Hakukosa hata moja. Miezi michache baadaye akapata ajali ya gari Florida, na mguu ukawa unavaa chuma. Hata hivyo alirudi tena uwanjani na kulenga.

Medali zake za dhahabu hakuziweka kabatini. Nyingi aliziyeyusha, akaziuza, pesa akazipeleka kwenye misaada. Na kwa miaka mingi alisaidia kimya kimya watoto yatima na wasichana waliotaka shule, ile shule aliyoahidiwa na mbwa mwitu na hakuipata.

Alifariki Novemba 3, 1926, akiwa na miaka 66, mjini Greenville, mji uleule alikokuwa anapeleka sungura dukani. Frank, aliyekuwa mgonjwa pia, hakudumu. Siku 18 baadaye naye akamfuata. Wamelala pamoja kwenye makaburi madogo ya Brock, ndani ya Darke County, mwendo mfupi tu kutoka kwenye shamba ambalo binti wa miaka 15 alilikomboa kwa gobore, kipimo kidogo cha baruti na shabaha ya kichwa.